Bweni Lisilotakiwa Kulowa

Jumatatu, 30 Septemba 2019. Asubuhi anga safi, hakuna wingu hata moja, nyuzi kumi na mbili kwenye kipimajoto cha dirishani, ukungu mwembamba mtoni uliokwisha kabla ya saa mbili. Valko, mchoraji wa mandhari za jukwaani katika Jumba la Utamaduni la mji wetu, Bela Vodenitsa, amenipigia simu mara mbili kabla sijamaliza kahawa, kuniuliza kama redio imesema mvua itanyesha. Nimemwambia haikusema. Mara ya pili akauliza, "Una hakika, Dochka? Hata manyunyu?"

Leo Naibu Meya wetu, Mhandisi Dragomir Kutsarov, amefungua bweni la wanafunzi wa kigeni wa Chuo cha Maziwa. Wanafunzi wako tisa. Tangu wafike wamelala kwenye magodoro ya mazoezi katika jumba la michezo la shule, na kuanzia leo jumba hilo limechukuliwa na timu za mpira wa wavu za wilaya nzima. Solongo, binti wa Kimongolia anayesomea mtindi, alipita ofisini kwangu saa tatu akiburuta sanduku lake. Aliniambia, "Shangazi Dochka, nikipata kitanda leo, nabaki. Nisipopata, nimeshakata tiketi ya treni ya saa kumi na mbili jioni, narudi kwa mama." Wenzake wanamsikiliza yeye. Akiondoka, wanaondoka wote, na chuo kinabaki na walimu na ndama mmoja.

Mhandisi aliniagiza mimi, karani wake, niiandike hotuba yake yote kwa hatimkato, pamoja na hisia za wananchi, kwa ajili ya vizazi vijavyo. Nakala safi nimeiacha mezani kwake. Hii hapa ni ile nyingine.

*

Mheshimiwa Meya, ambaye kwa bahati mbaya hayupo, anaumwa jino. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, ambaye yupo, namwona, ingawa amesimama nyuma ya mti. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Maziwa, pamoja na ndama wako. Padre Iliya, pamoja na mrehani wako. Kapteni Mincho wa Zimamoto, pamoja na gari lako jekundu ambalo leo limewaka bila kusukumwa (makofi marefu). Viongozi wa vyama vyote, vilivyopo, vilivyovunjika na vinavyojadiliana. Waheshimiwa wastaafu wa safu ya mbele, mliokuja na viti vyenu kutoka jikoni. Bendi ya shule, wale wanaojua wimbo na wale wanaowafuata. Wanafunzi wetu wapendwa wa kimataifa, mliokuja na masanduku yenu, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mabibi na mabwana. Na mama yangu mzazi, ambaye nilimwomba abaki nyumbani.

(Bibi Tota, mama yake Mhandisi, miaka themanini na moja, safu ya mbele, ameshika mkate wa ukaribisho juu ya taulo lililotariziwa, kibakuli cha chumvi katikati ya mkate: "Nibaki nyumbani nifanye nini, Dragcho? Mkate nimeoka mimi. Ongea upesi, unapoa.")

Asante, mama. Itifaki imezingatiwa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuzingatia, nitarudi kuizingatia tena mwishoni.

Ndugu wananchi wa Bela Vodenitsa, nikiwa kama Naibu Meya ninayeshughulikia Elimu, Uhusiano wa Kimataifa na Mifereji, ninayo furaha isiyo na kifani, na kifani hicho nimekitafuta katika mafaili yote ya idara zangu tatu sikukiona, kusimama mbele yenu siku hii ya leo, mbele ya jengo hili, ambalo nawaomba mlitazame kutoka hapo hapo mlipo, bila kulisogelea, bila kuliegemea na bila kulipigia chafya, ili kwa pamoja, kama wadau, kama wabia na kama majirani, tushuhudie kilele cha mchakato jumuishi, shirikishi, endelevu na mtambuka ulioanza kama wazo dogo kichwani mwangu na ambao leo, kama mnavyoona kwa macho yenu, una madirisha thelathini na sita. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Mbona mapazia yote yamepepea upande mmoja?") Mapazia yamepepea upande mmoja kwa sababu upepo ni mmoja, ndugu yangu. Tusipotoshane.

Jengo hili, Bweni la Kimataifa la Uzoefu wa Ugenini, halikuota kama uyoga. Tulifanya upembuzi yakinifu. Baada ya upembuzi yakinifu tukafanya warsha ya kupembua upembuzi. Tukaunda kamati ya uongozi, kamati ya wataalamu, na kamati ndogo ya kutafuta kamati ya wataalamu ilikokwenda. Na mimi mwenyewe, kwa kujitoa mhanga, niliacha nyumba yangu, kitanda changu na mchuzi wa maharage wa mama yangu, nikasafiri nchi saba za Ulaya ili niishi kama anavyoishi mwanafunzi ugenini, nile anachokula, nilale anapolala. Nawaambia, ndugu zangu, maisha yale ni magumu. Huko Lisbon nililetewa kifungua kinywa kimepoa. Huko Tallinn nilipotea saa nzima kati ya chumba changu na bwawa la kuogelea.

(Bibi Tota: "Hotelini!" Kicheko.)

Lilikuwa ni bweni, mama. Bweni la nyota nne.

(Bibi Tota: "Ulirudi na shampuu kumi na mbili.")

Zilikuwa sampuli za utafiti. Ninaendelea. Ni kutokana na uzoefu huo mchungu ndipo nilipoapa kwamba mwanafunzi atakayekuja Bela Vodenitsa hatateseka kama nilivyoteseka mimi. Na takwimu zinaongea. Tuliwagawia wanafunzi wetu tisa dodoso la kisasa kuhusu maisha yao katika Kituo cha Mpito, ambacho watu wasio na utaalamu wanakiita jumba la michezo. Matokeo yanatia moyo. Wanne walijibu kwamba usiku kuna baridi. Hawa tumewaweka kwenye kundi la wanaozoea mazingira. Watatu walijibu kwamba wanaamshwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa filimbi ya mwalimu wa michezo. Hawa wamo katika kundi la wanaonufaika na huduma za ziada. Mmoja, Bwana Duarte kutoka Ureno, aliandika kwamba ameangukiwa na kamba ya kupandia. Huyu tumemhesabu kama mwanamichezo. Na mmoja hakujibu kabisa, na kwa mujibu wa kanuni zetu, asiyejibu ameridhika mara mbili. Kwa hiyo, ukijumlisha, kiwango cha kuridhika kinafika asilimia mia moja na kumi na moja, ambayo ni ya juu kuliko Vienna. (Makofi kutoka kwa Mwenyekiti wa Baraza, nyuma ya mti.)

(Solongo, mwanafunzi, amekaa juu ya sanduku lake, amenyoosha mkono kama darasani: "Mheshimiwa, samahani. Leo usiku tunalala wapi?")

Swali zuri sana. Nakushukuru kwa swali, na naomba wananchi tumpigie makofi kwa Kimongolia... kwa Kibulgaria chake kizuri, ambacho amejifunza kwa wiki tatu tu katika jumba la... katika Kituo cha Mpito. (Makofi.) Swali hili, binti yangu, linajibiwa katika ukurasa wa kumi na nne wa dira yetu, chini ya kichwa Malazi kwa Maana Pana. Mimi sasa niko ukurasa wa tatu. Tutafika.

(Solongo: "Kwa maana nyembamba je? Kitanda?" Bibi Tota: "Mjibu mtoto, Dragcho.")

Mama, ninajibu. Ninamjibu kimfumo.

Ndugu wananchi, tutazame jengo. Ghorofa tatu. Kila ghorofa ina varanda, na katika kila varanda kuna chungu cha maua mekundu, na maua hayo, nawahakikishia, hayatahitaji kumwagiliwa, hata kidogo, na yeyote atakayejaribu kuyamwagilia atachukuliwa hatua. Mlango ni wa mwaloni. Kitasa ni cha shaba, kizuri kiasi kwamba jana watu wawili walijaribu kukishika, nikawasihi wasikishike. Vyumba ni vingi. Idadi yake inategemea unavyohesabu. Intaneti ni ya kasi, nayo, kama mnavyojua, haionekani kwa macho, kwa hiyo msiitafute. Kuhusu ngazi, tumeziepuka makusudi, kwa kuwajali wenye magoti. Wapiga picha nawaomba mbaki hapa katikati, mbele kabisa. Pembeni hakuna mwanga mzuri, na pembeni zaidi hakuna kibali.

(Bata bukini wawili wametoka chini ya ukuta wa jengo, chini ya dirisha la tatu, wamepita mbele ya bendi, wamerudi chini ya ukuta ule ule. Kicheko kikubwa. Valko, amesimama karibu na jukwaa, ameziba uso kwa kofia.)

Hao ni wakazi wa awali wa eneo la mradi. Wameshirikishwa katika kila hatua.

Sasa niongee kama mzazi. Maana mimi, ndugu zangu, si mwanasiasa tu, mimi ni baba wa kimataifa. Mwanangu Kaloyan anasoma Graz, mwaka wa tatu. Binti yangu Desislava yuko Aarhus. Nani hapa hana mtoto nje? Nyosheni mikono mnaomlipia mtoto chumba ugenini. (Mikono karibu yote. Na wangu.) Mnaona! Sisi tunajua. Kila mmoja wetu alijenga nyumba kama alivyojengewa na wazee: chini wazazi, ghorofa ya kwanza ya mtoto wa kwanza, ghorofa ya pili ya wa pili, atakapooa, atakapoolewa. Tukapaka rangi. Tukanunua makochi. Na makochi yale mpaka leo yana nailoni ya dukani, kwa sababu mtoto alisema anakwenda kusoma mwaka mmoja, ukawa miwili, ikawa mitatu, na sasa anakuja Krismasi akilala chini na wazazi kwa sababu juu hakujawashwa moto. Kwa hiyo mimi mzazi, ninapomwona kijana wa watu amekaa juu ya sanduku lake katika mji wangu, moyo wangu unasukumwa na huruma, na huruma hiyo nimeiweka katika mpango wa miaka mitano.

(Bibi Tota: "Na yule mama wa Graz mbona humsemi?")

Mama, yule hayumo kwenye karatasi.

(Bibi Tota amegeuka kuwatazama wananchi, mkate mikononi: "Kaloyan wetu alipofika huko, chumba alicholipia hakikuwepo. Hakikuwepo! Mama mmoja mwenye duka la vifungo, asiyemjua wala kumsikia, akampa kitanda cha mwanawe miezi minne. Kila Jumapili alimpa supu. Mimi nikamtumia ajvar chupa sita, ile nyekundu, ya pilipili za kuchoma. Hilo ndilo la kusema, Dragcho. Hizo asilimia peleka ofisini." Makofi. Makofi yote ya leo hayajafikia haya.)

Nakubaliana na mzungumzaji aliyetangulia, na nitaomba maoni yake yaingizwe kama kiambatisho.

Kwa kuwa muda umesonga, na mkate, kama tulivyoarifiwa, unapoa, sasa namwomba Padre Iliya abariki jengo. Padre, kidogo tu. Kidogo sana. Unaweza hata kubariki kwa mawazo.

(Padre Iliya amechovya kishada cha mrehani katika bakuli la maji, amenyunyiza mara tatu kama anavyonyunyiza kila mahali, kwa nguvu. Matone yamefika dirisha la kwanza kushoto. Dirisha limeanza kutiririka. Chungu cha maua chini yake kimerefuka mpaka chini.)

(Valko, kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kilikuwa karibu: "Mungu wangu." Padre Iliya: "Jengo linalia, Dragomir.")

Linapumua, Padre. Ni teknolojia mpya. Tusiogope maendeleo.

Na sasa, ndugu wananchi, wanafunzi wapendwa, tunafika kwenye jambo ambalo ni letu sisi, ambalo hamtaliona Lisbon wala Tallinn. Wageni wetu, sikilizeni. Hapa kwetu mtoto anapotoka nyumbani kwenda kwenye mtihani, kwenda jeshini, kwenda kusoma mbali, bibi anamwaga maji mlangoni mbele yake, naye anayakanyaga, ili mambo yake yatiririke kama maji yale. Mama yangu alinimwagia mimi siku ya mtihani wa mwisho, na nikafaulu.

(Bibi Tota: "Mara ya tatu.")

Nikafaulu. Lakini mama yangu anatumia birika la shaba, na birika, kwa heshima zote, ni maji ya ngazi ya familia. Lita moja na nusu. Je, tukio la hadhi ya Ulaya, lenye wanafunzi kutoka mabara matatu, linaweza kutiririka kwa lita moja na nusu? (Sauti: "Linaweza!") Haliwezi! Ndiyo maana kwa uamuzi wangu binafsi, niliouchukua leo asubuhi nikinyoa, bila kumshirikisha mtu yeyote ili iwe zawadi ya kushtukiza kwa wataalamu wetu wote, Kapteni Mincho na gari lake watawamwagia wanafunzi hawa lita elfu mbili na mia tano. Kapteni! Fungua!

(Valko: "Mincho, usifungue! Usifungue, nakuomba! Ile ni rangi ya unga!" Kapteni Mincho: "Nini?" Valko: "Rangi ya jukwaani! Ya unga na maji!" Kapteni Mincho: "Nimeshafungua, Valko! Haifungiki, ina kutu!")

Tulieni. Wananchi, tulieni. Bendi, pigeni. Vijana wa zimamoto, ushikeni mpira wa maji, ushikeni kwa pamoja, msiuachie, msi... wameuachia. Sawa. Ni sehemu ya ratiba.

(Mpira wa maji umeinuka peke yake. Umemlowesha Mwenyekiti wa Baraza nyuma ya mti, umelowesha bendi, halafu umetulia ukielekea jengo. Ghorofa ya tatu imeshuka ghorofa ya pili. Ghorofa ya pili imeshuka ya kwanza. Mlango wa mwaloni umeota ndevu. Kitasa cha shaba kimeteremka mpaka kwenye nyasi, njano. Turubai lililobaki limelowa likawa kama karatasi ya siagi, na nyuma yake likaonekana shamba la maboga la mkulima Manol, na Manol mwenyewe katikati ya maboga, na bata bukini wake. Manol amepunga mkono.)

Ndugu wananchi, msitawanyike. Hotuba haijaisha. Mnachokiona ni awamu ya pili, ambayo imeanza mapema kuliko ilivyopangwa, na nadhani hiyo ni sifa. Naomba pia, nikiwa mwenye dhamana, mtazame pale kushoto. Hapana, si jengo, acheni jengo. Mfereji! Tazameni mfereji! Rangi yote ile, nyekundu, njano, ile ya kijivu ya paa, lita elfu mbili na mia tano, na mfereji unapokea, unapokea tu, haujaziba, haujafurika! Nani aliuzibua mfereji ule mwezi Juni? Ni mimi! (Makofi ya kweli, ya wote. Wastaafu wamesimama. Mhandisi amefuta macho, ameacha alama nyekundu kwenye paji la uso.)

Nakushukuruni. Sikutegemea.

(Kapteni Mincho amefunga maji kwa nyundo. Solongo amesimama, viatu vimelowa, ametazama saa ya kituo cha treni inayoonekana juu ya miti. Ameshika mkono wa sanduku. Wenzake nao wameshika ya kwao.)

Wanafunzi, mnakwenda wapi? Kaeni. Bado kaulimbiu. Ziko kwenye karatasi. Semeni nami. Mwanafunzi kwanza! (Wananchi: "Wapi?") Elimu bila mipaka! (Duarte, amelowa mpaka kichwani: "Na bila paa!" Kicheko.) Bela Vodenitsa juu! (Manol, kutoka kwenye maboga: "Juu wapi, hata ghorofa ya chini haipo!") Asanteni kwa mwitikio.

Sasa shukrani, na hapa nitasoma kama ilivyoandikwa, maana iliandikwa wakati jengo lipo. Kwa namna ya pekee namshukuru msanifu wa jengo hili, Bwana Valko; mkandarasi mkuu, Bwana Valko; na fundi wa madirisha, Bwana Valko, ambaye kwa siku nne, ndoo sita na pazia kuukuu la Jumba la Utamaduni, alikamilisha mradi mzima bila tofali hata moja, jambo ambalo kimazingira ni la kupongezwa. Nawashukuru wahisani wetu wa nje, ambao tunatarajia kuwaandikia barua punde tutakapofahamu ni akina nani. Namshukuru Bwana Manol kwa kutukubalia kutumia uzio wake mpaka Jumatano. Nawashukuru...

(Bibi Tota ameondoka safu ya mbele. Ametembea moja kwa moja mpaka kwa Solongo, maji yakimfika juu ya viatu, amesimama mbele yake na mkate: "Vunja, mwanangu. Chovya chumvi, ule. Ni wa leo." Solongo: "Bibi, mimi nina treni." Bibi Tota: "Treni ni ya jioni, mkate ni wa sasa. Vunja.")

Mama. Mama, ukaribisho uko ukurasa wa kumi na tisa.

(Solongo amevunja, amechovya, amekula. Duarte amevunja kipande kikubwa mno. Wote tisa wamekula. Bibi Tota amegeukia jukwaa: "Haya, Dragcho. Wameshakula mkate wangu, na maji umewamwagia mwenyewe, wamekanyaga mpaka soksi. Sasa unataka wakalale wapi, kituoni?")

Mama, ni lazima kwanza tuunde...

(Bibi Tota: "Ghorofa ya Kaloyan ina vitanda viwili na kochi. Ya Desislava ina vitanda viwili na kochi. Mwenye mgongo mbaya atalala kwangu karibu na jiko, na wewe utapanda darini." Mhandisi, nje ya kipaza sauti, lakini nimesikia: "Mama, makochi yale yana nailoni." Bibi Tota, kwa nguvu: "Na nailoni itatoka! Miaka sita nafuta vumbi la nailoni! Nimechoka kukaa na makochi!")

(Padre Iliya: "Kwangu kuna ghorofa ya juu." Kapteni Mincho: "Na kwangu. Bafu tu halina mlango." Mtu mwingine: "Kwetu mlango upo!" Kicheko. Solongo amelaza sanduku lake chini, amelikalia tena. Amelia kidogo, halafu ameomba kipande kingine cha mkate.)

Ndugu wananchi, naomba usikivu wa mwisho. Kama mlivyojionea, mradi ulioasisiwa na ofisi yangu umeingia katika awamu ya utekelezaji wa kijamii, yenye ghorofa nyingi kuliko zile zilizochorwa, na ngazi juu. Bweni la Kimataifa la Uzoefu wa Ugenini halijawahi kuwepo, ndugu zangu, na naomba hilo liandikwe kama changamoto iliyotatuliwa. Kwa hiyo shukrani yangu ya mwisho kabisa, na hii haimo kwenye karatasi kwa sababu karatasi imelowa, ni kwa mama yangu mzazi, Bibi Tota Kutsarova, ambaye tangu dakika hii ndiye Bweni. Utepe utakatwa mlangoni kwake. Nawaomba mvue viatu. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Bibi Tota: "Na wewe vua.")

*

Nakala safi niliyoiacha mezani ina makofi tu.

Treni ya saa kumi na mbili imepita kwa wakati. Nilikuwa jikoni nikaisikia ikipiga honi darajani. Kwa Bibi Tota wamekwenda watano, kwa Padre wawili, kwangu wawili, Duarte na mwenzake wa kutoka Albania, wako ghorofa ya mwanangu Boyan. Nailoni ya kochi imetoka kwa kisu. Ilikuwa imeshikana na kitambaa. Nimewasha jiko la juu kwa mara ya kwanza tangu Boyan aende Leipzig, likatoa moshi, likakaa sawa. Duarte ameuliza kama kuna filimbi asubuhi. Nimemwambia kuna jogoo wa jirani.

Valko ameanika turubai kwenye uzio wa Manol. Anasema kitambaa ni kizima, kitafaa kwa mchezo wa watoto wa Desemba, msitu wa theluji, rangi nyeupe itafunika.

Saa tatu usiku Bibi Tota amenipigia kuuliza kama Wamongolia wanakula maharage. Nikamwambia, "Si umuulize Solongo, yuko kwako?" Akasema ameshamuuliza, amekula sahani mbili, sasa wanakunja nailoni pamoja, alitaka tu kumwambia mtu. Sasa ni saa nne na robo, nalala.